Breki na Kiota cha Shore

Jina lake la kuzaliwa lipo, lakini ukilitaja mtaani kwao watu watakuuliza unamtafuta nani. Sema Breki, utapelekwa mpaka mlangoni. Jina hilo alipewa na madereva wenzake, kwa sababu miaka yote aliyoendesha malori ya masafa marefu alikuwa mtu wa kusimama. Kuku akikatiza, Breki kasimama. Mbuzi kalala katikati ya lami, Breki kazima injini, kashuka, anambembeleza mbuzi aamke. Utingo wake mmoja aliapa kwamba siku moja walimsubiri kinyonga avuke barabara, na kinyonga mwenyewe hakuwa na haraka hata kidogo.

Sasa sikiliza. Mtu huyo aliyesimama kwa ajili ya kinyonga hakuwahi kusimama nyumbani kwake. Siwezi kulifunika jambo hili eti kwa sababu nampenda. Alioa akiwa njiani, akazaa akiwa njiani, akajenga nyumba kwa simu, fundi akimwelezea ukuta umefika wapi. Watoto walimjua kwa zawadi na kwa harufu ya dizeli. Alikuja, akalala, akanyoa ndevu, akaondoka. Mke wake, mwalimu wa shule ya msingi, aliwalea wale watoto kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika chaki. Watu wakimuuliza mumewe yuko wapi, alijibu kwamba yuko barabarani, kwa sauti ile ile ya mtu anayetaja anwani.

Macho yakaanza kumsaliti, kampuni ikamwambia asante, pumzika. Breki akarudi nyumbani moja kwa moja, na hapo ndipo alipogundua kwamba hajui hata vijiko vinakaa droo gani. Watoto wakubwa walikuwa wameshahamia makwao. Mke wake bado alikuwa anafundisha, anatoka asubuhi na kurudi jioni akiwa hana sauti. Nyumbani alibaki yeye na binti yao wa mwisho, aliyekuja kujifungulia kwa mama yake kwa kuwa mumewe yuko migodini na huja akipata likizo tu. Mtoto alikuwa wa kike, mnene, mwenye kukunja uso kama mkaguzi wa mizigo. Breki alimtazama mara ya kwanza akasema huyu ndiye bosi wake mpya, na jina la Bosi likamganda mtoto wa watu.

Binti huyo alifanya kazi kiwanda cha uchapaji, kwenye mashine ya kukatia karatasi, kazi inayotaka mtu asiyetetemeka. Likizo yake ya uzazi ilikuwa inakatika. Nani atabaki na Bosi? Hilo ndilo swali lililokaa nao mezani kila walipokunywa chai. Breki alijua jibu lake. Alilitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kutaka lori jipya. Akajikaza, asubuhi moja akasema yeye yupo, hana kazi, mtoto aachiwe yeye.

Binti yake akacheka, kicheko cha upole, akaendelea kukunja nepi.

"Baba," akasema, "mtoto si lori. Huwezi kumpaki pembeni ukaenda kunywa chai."

Breki naye akacheka. Alicheka vizuri tu, lakini maneno yalimkata maini, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Binti alikuwa ameshakwenda kukiona kituo cha kulelea watoto karibu na kiwandani. Alirudi amenuna. Watoto wengi, mlezi mmoja, televisheni inapiga kelele tangu asubuhi. Hakukipenda, lakini angekichukua hivyo hivyo, maana kituo alikijua kwamba kesho asubuhi kitakuwepo. Baba yake hakumjua hivyo.

Basi Breki akahamia baraza ya nyuma na kiti chake cha plastiki, kujipooza. Ua wao ni mdogo, umebanwa kati ya jikoni na ukuta wa jirani, ambaye ni fundi cherehani. Kuna kamba za kuanikia nguo, bomba, na pembeni kabisa kichaka cha bogenvilia kilichoachwa kikaota kitakavyo. Kando ya kichaka hicho kuna kijinjia chembamba, ambacho wateja wa fundi hupenda kukatiza kuliko kuzunguka mbele. Ndani ya kichaka kulikuwa na shore wawili.

Unawajua shore. Ndege wa kawaida kabisa, kichwa cheusi kama amevaa kofia ya sufu, na chini ya mkia ana manjano utadhani amekalia rangi mbichi. Breki alikuwa amewaona maisha yake yote bila kuwaangalia. Sasa hana pa kwenda, akawaangalia. Dume alikuwa akisimama juu ya nguzo ya kamba kila kunapopambazuka na kuimba kwa kujiamini sana, na akitokea shore mwingine wa kiume karibu na ua, humfukuza mpaka nyumba ya tatu. Jike alipokuja, dume alishusha mabawa, akayatetemesha, akawa mpole ghafla. Breki akamwambia mke wake jioni kwamba yule dume ana maneno matamu. Mke wake akamjibu kwamba wanaume wote huwa nayo mwanzoni.

Jike ndiye aliyejenga. Alileta nyuzi kutoka kwa fundi, mizizi mikavu, kipande cha mfuko wa nailoni, akakaa katikati na kujizungusha, kifua kikisukuma ukuta wa kiota mpaka ukawa kikombe. Dume hakubeba hata unyasi. Alimfuata nyuma kwenda na kurudi, akimlinda. Breki aliona aibu kidogo kwa niaba yake.

Tatizo likawa kutazama. Breki akikodoa macho kichakani, jike anaruka. Ndege hapendi jicho la mtu. Lakini dereva wa miaka ile yote hahitaji kugeuka ili aone kilichopo nyuma yake. Stoo kulikuwa na kioo cha pembeni cha lori lake la mwisho, alichong'oa kama ukumbusho. Akakifunga kwenye nguzo ya baraza, akakipinda hapa na pale, kisha akakaa ameupa mgongo ua mzima, anakunywa chai, anaona kila kitu. Shore hawakumjali tena. Kwao akawa mgongo tu.

Humo kiooni aliona mengi. Aliona jike akiatamia, mkia na kichwa vimechomoza juu ya ukingo, hatoki hata mvua ikinyesha. Aliona mayai yalipopasuka, maana siku hiyo jike alikuwa akiinama na kutazama chini, anainama tena, kama mtu aliyeangusha sindano. Kisha dume, yule mwimbaji asiyebeba unyasi, akaja na kiwavi mdomoni. Akamsokomeza ndani ya mdomo mmoja uliokuwa umefunguka mwekundu, akaenda, akarudi na mwingine. Kutwa nzima. Nyimbo zote zikaisha, ikabaki kazi.

Na si chakula tu. Kila kinda likishalishwa hugeuka na kutoa kinyesi, kimefungwa ndani ya ngozi nyeupe kama kidonge, na mzazi hukichukua kwa mdomo na kwenda kukitupa mbali, adui asijue kiota kilipo. Mke wa Breki alikuja kusimama nyuma ya kiti, akatazama naye kiooni.

"Baba watoto, unaona yule baba anabeba nini?"

Breki akasema anaona.

"Basi," mke wake akasema, akaingia zake ndani.

Breki akarudisha macho kiooni. Nepi hajawahi kubadilisha hata moja, ya mtoto wala ya mjukuu. Alikaa pale akijisikia vibaya na akifurahi kwa pamoja, maana kwa mara ya kwanza alielewa hasa kitu alichokuwa anakitaka. Alitaka na yeye awe wa kwenda na kurudi.

Zikaja siku za kufungua shule. Fundi cherehani akafurika wazazi wenye sare za kupunguzwa na kuongezwa, na wote hao wakagundua kijinjia. Mtu akipita, bega linapiga kichaka, jike anaruka. Anarudi, anatulia, anakuja mwingine. Makinda yenyewe bado uchi, hayana hata unyoya. Breki akavumilia weee, mwisho uvumilivu ukamshinda. Njia ile ilikuwa hatari, na dereva anajua la kufanya njia ikiwa hatari.

Wewe umeona lori limeharibika barabarani. Umeona matawi mabichi yaliyolazwa lami, kuanzia mbali, ili mwenye gari apunguze mwendo. Dereva hafikirii, mkono wenyewe unakwenda. Anashuka, anakata kichaka kilicho karibu, anatandika. Breki alifanya hivyo mara zisizo na idadi. Akachukua panga, akakata matawi mazuri yenye majani mengi, akayatandika mwanzo wa kijinjia na mwisho wake, na katikati akasimamisha pembetatu nyekundu ya tahadhari aliyobaki nayo kutoka kwenye lori lake. Wateja wa fundi walifika, wakasimama, wakazunguka mbele. Hata mmoja hakubisha. Kumbe matawi yanaheshimika hata na waendao kwa miguu. Breki akarudi kitini, akajimiminia chai, akajisifu kimoyomoyo.

Jua lilipopanda utosini ndipo alipoinua macho kiooni.

Kiota kilikuwa wazi. Kimekaa peupe kama kikombe kwenye meza tupu. Alikuwa amekata kichaka kilicho karibu, na kichaka kilicho karibu kilikuwa kile kile. Paa lote la wale ndege lilikuwa limelazwa chini linaonya watu wasiwasumbue.

Jike alikuwa amesimama juu ya makinda, mabawa ameyatanua nusu kuyafanyia kivuli, mdomo wazi, anahema. Hawezi kwenda kutafuta chakula kwa sababu akiondoka tu jua litayaua makinda. Dume analeta peke yake, na kila anapokuja anapiga kelele, kwa sababu juu ya paa la fundi kulikuwa na kunguru ametulia, anatazama upande ule ule. Mwenzangu, Breki alikuwa amevuka milima na mizigo ya mafuta bila kutoka jasho, na sasa alikuwa anababaika kwa ajili ya kitu kisichojaza kiganja.

Akakimbilia stoo akatoka na turubai. Ndiyo, turubai la lori. Dereva ni dereva. Akalifunga upande mmoja kwenye kamba ya nguo na upande wa pili kwenye bomba, likafunika kichaka kizima, kivuli safi. Upepo ukalipiga, likavuma. Jike akaruka na kutua kwenye waya wa umeme. Dume akaja na kiwavi, akafika karibu, akageuza. Akaja tena, akageuza. Kiota kikabaki na makinda peke yake chini ya kivuli kizuri ambacho hakuna mzazi aliyethubutu kukikaribia. Midomo ilifunguka kidogo, kisha ikaacha kufunguka.

Binti yake alikuwa dirishani jikoni, Bosi mgongoni. Aliyaona yote tangu panga. Akatoka, akasimama mlangoni. Breki alikuwa ameshika kamba ya turubai, hajui aivute au aiachie.

"Nimewaharibia," akamwambia binti yake. Hakujitetea.

"Litoe hilo, baba. Wanaliogopa."

Akalitoa. Kisha akaenda kuyaokota matawi yake kule njiani, moja moja, akayarudisha kichakani. Aliyafunga kwa vipande vya mpira wa tyubu, akianzia upande wa nyuma, polepole, asitikise kiota. Bogenvilia ina miiba, nayo haikumhurumia. Kila tawi alilolirudisha lilimtoza ngozi. Binti alimwambia avae glavu, akasema akivaa glavu hatasikia kama kiota kinatikisika. Alipomaliza, kiota kilikuwa na paa lenye viraka, kama nyumba ya mtu aliyejengewa na shemeji zake, lakini kivuli kilikuwepo.

Sasa ikabaki kazi ngumu kuliko zote, nayo ilikuwa kuondoka. Asikae barazani wala asitazame kiooni. Akazunguka mbele ya nyumba, akaketi kwenye ngazi akiwa ameelekea barabarani, mikono inachuruzika damu. Kila baada ya muda aliinua sauti kidogo, ipite ndani ya nyumba mpaka jikoni alipo binti yake, akauliza.

"Amerudi?"

"Bado."

Gari la takataka likapita. Mama mmoja akamsalimia, hakusikia.

"Mwanangu, amerudi?"

"Bado, baba. Yuko kwenye waya."

Alikaa. Alijua kukaa kwa saa nyingi nyuma ya usukani, lakini huko kulikuwa kukaa kwa kwenda. Kukaa huku hakukuwa kwa kwenda popote. Alijiapiza kwamba wale ndege wakifa hatamwambia mtu tena kwamba anaweza kulea, hata paka.

Kisha binti yake akaja mwenyewe mpaka mlango wa mbele. Akasema jike amerudi, ameingia ndani ya matawi, na dume ameleta chakula. Breki akaitikia kwa kichwa, akainama, na machozi yakamtoka pale pale kwenye ngazi, mchana kweupe, watu wanapita. Binti yake hakuwahi kumwona baba yake akilia. Akaenda kuleta maji ya chumvi na kitambaa kwa ajili ya ile mikono.

Matawi yaliyokatwa hunyauka, na yakinyauka hayafuniki kitu. Kwa hiyo kila asubuhi, jike akiondoka kutafuta chakula, Breki alibadilisha machache, na mapya yalitoka kwenye uzio wa shule anakofundisha mke wake. Mke wake ndiye aliyeyabeba mkobani pamoja na madaftari, huku akilalamika kwamba amekuwa utingo uzeeni. Fundi cherehani naye aliposikia habari akawaelekeza wateja wote wapite mbele, akawaambia mzee amefunga barabara kuu kwa matengenezo. Mtaa mzima ulivunjika mbavu. Breki hakujali. Makinda yaliota manyoya, yakawa na vichwa vyeusi, yakaanza kugombania ukingo wa kiota.

Ikafika wiki ya mwisho ya likizo. Binti akasema anakwenda kituoni kuthibitisha nafasi ya mtoto. Bosi alikuwa amelala. Akamwomba baba yake amwangalie mpaka arudi, akamwonyesha nepi zilipo, akamwonyesha chupa ya maziwa, akatoka, akarudi kumwonyesha tena chupa, akaondoka. Breki akaburuta kiti chake mpaka mlangoni, mahali ambapo angesikia chumba na kuuona ua.

Asubuhi hiyo ndiyo makinda yaliyochagua kutoka. Shore wachanga hawasubiri kujua kuruka. Wanaruka kwanza, kujua kutafuata. La kwanza lilidondokea ndani ya kichaka, likashika tawi. La pili lilidondoka chini kabisa, kwenye kijinjia, likakaa hapo limeduwaa, mkia haujatimia, linalia kwa sauti nyembamba. Wazazi wakashuka wanapiga kelele. Na kunguru, yule yule wa juu ya paa, akaruka na kutua kwenye ukuta.

Breki alikuwa ameshanyanyuka kitini, mguu mmoja nje, wakati Bosi alipolia chumbani.

Hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Akatazama kinda, akamtazama kunguru. Akageuka, akaingia chumbani.

Mtoto alikuwa amelowa mpaka kwapani. Breki akamwinua, akamlaza kitandani, akafungua nepi yenyewe, na nisikufiche, alisema bismillahi kwa sauti. Akafuta, akafuta tena. Nepi mpya aliifunga mbele nyuma. Maziwa hayakutakiwa. Bosi alilia amekunja ngumi, uso umeiva, na Breki akamweka begani akaanza kutembea naye, hajui wimbo hata mmoja wa kubembelezea. Hakuwahi kujifunza. Kilichomtoka kifuani kilikuwa kile alichokisikia maisha yake yote, mngurumo wa injini ikipanda mlima. Akanguruma gia ya kwanza. Akakata, akaingiza ya pili. Kufika ya tatu Bosi akanyamaza, na kichwa chake kidogo kikalala kwenye shingo ya babu yake. Breki akaendelea, akahofia kupunguza mwendo.

Alipotoka barazani na mtoto begani alikuwa amejiandaa kuona manyoya chini. Hakuyaona. Kunguru alikuwa anaondoka juu ya nyumba ya fundi, dume la shore limemng'ang'ania mgongoni, linamdonoa, dogo kama kofi. Kinda halikuwa tena njiani. Lilikuwa limejikokota mpaka chini ya kichaka, limejibanza kwenye shina, na jike alikuwa mbele yake analilisha kiwavi. Wazazi wenyewe walikuwepo. Breki alisimama pale akinguruma gia ya tatu, raha imemjaa mpaka kooni.

Binti alirudi mapema kuliko alivyotarajiwa. Alimkuta baba yake hivyo hivyo. Breki alimweleza yote kabla hajaulizwa, kwamba mtoto amelia, kwamba amebadilishwa, kwamba nepi huenda imekaa vibaya. Binti akaitazama nepi, akacheka mpaka akaketi chini. Kisha akasema hakuingia kituoni. Alifika mlangoni, akamwona mlezi, akageuza.

Breki akamuuliza kwa nini.

"Siku ile ulipokuwa mbele unaniuliza kama amerudi," binti akasema. "Mimi nilikuwa jikoni nakusikia. Leo pale mlangoni nimekumbuka, nikasema, anayeuliza hivyo kwa ndege, mwanangu nitamwachia." Akampokea mtoto, akaanza kuigeuza nepi. "Jumatatu utabaki naye. Ila hii nitakufundisha."

Breki aliitikia sawa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akaenda stoo akajifungia kidogo.

Jumatatu binti akaenda kazini. Siku ilikwenda. Maziwa yalinyweka, nepi zilikaa zinavyotakiwa, au karibu na hapo. Shore wachanga walikuwa wanazunguka uani nyuma ya wazazi wao, wakitetemesha mabawa kudai chakula ingawa wameshajua kuruka, na Breki alimwonyesha Bosi, akamweleza kwamba wale ni wakubwa ovyo. Mchana alimlaza kwenye mkeka, yuko macho, ameshiba, anachezea kitambaa, akaenda msalani. Hajafunga mlango, akasikia kilio. Akadhani ameumia. Akatoka mbio, suruali mkononi, kumbe mtoto hana lolote. Alipomwona babu yake tu, alinyamaza. Akanyoosha mikono.

Jioni binti aliporudi, ametua mkoba, anavua viatu, Breki alikuwa bado na jambo hilo mdomoni. Alimsimulia kwa majivuno, Bosi yuko pajani.

"Amenililia mimi," akasema. "Nimetoka tu, analia. Fikiria, mwanangu, nimezaa, nimelea, hakuna mtoto aliyewahi kunililia."

Binti alikuwa ameinama kwenye kamba za kiatu. Akasimamisha mikono.

"Tulikuwa tunakulilia, baba," akasema. "Ulikuwa unaondoka alfajiri tumelala. Tukiamka tu tukakuta haupo, tunalia wote, mama anatubembeleza. Wewe ulikuwa umeshakata kona."

Hakusema kwa hasira. Alimalizia kuvua kiatu cha pili, akakisukuma chini ya benchi. Breki alisogea kwenye benchi mpaka bega lake likagusa bega la binti yake, Bosi katikati yao, na alikaa hapo mpaka chai ya wote ikapoa.